Ukurasa wa Sitini

Kitabu kilipungukiwa na ukurasa mmoja. Balaa lote lilianzia hapo, na Hajira angekula yamini mbele ya mtu yeyote kwamba siku ile hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nia mbaya hakuwa nayo. Haraka alikuwa nayo, na haraka ya Kariakoo inajulikana ilivyo.

Duka lake la steshenari liko Mtaa wa Narung'ombe, limebanwa katikati ya muuza mapazia na muuza vyombo vya plastiki. Mbele kuna kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi. Nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, kuna mashine ya kuchapia inayoendeshwa na Bryson, baba wa watoto wawili anayesema na mashine yake zaidi kuliko anavyosema na mkewe. Hajira huandika kila kitu: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mikataba ya vyumba, matangazo ya watu waliopotea, na vitabu vidogo vya watu walioona jambo wakashindwa kunyamaza. Hawa wa mwisho ni wengi kuliko unavyodhani. Mji huu una watu wengi wenye ya moyoni, na wote wanataka jalada la rangi.

Mmoja wao alikuwa mzee Melkiori, fundi lifti mstaafu, mtu wa Songea aliyekuja Dar kijana akazeekea juu ya maghorofa ya watu. Alileta madaftari matatu yaliyoandikwa kwa mkono ulionyooka, kila mstari umekaa mahali pake. Humo alieleza kwamba katika chumba cha mitambo ya lifti, juu kabisa ya ghorofa moja hapo hapo Kariakoo, alitembelewa mara kumi na moja na mgeni asiye wa dunia hii.

Na mgeni mwenyewe, kwa kadiri ya madaftari yale, hakuja na ujumbe wowote. Hakusema dunia itakwisha lini, hakugawa baraka, hakutisha mtu. Alichotaka kujua ni jinsi lifti inavyofanya kazi. Aliuliza kwa nini kisanduku cha watu kikipanda kuna chuma kizito kinashuka upande wa pili, na mzee Melkiori akamweleza kwa kurasa kumi na moja. Hajira alianza kuandika huku akijibana asicheke. Alipofika daftari la tatu alikuwa hacheki tena; alikuwa amempenda mgeni yule kwa upole wake wa kuuliza.

Sasa, kitabu kidogo kama kile hukunjwa katikati na kubanwa pini mgongoni, kwa hiyo kila karatasi hutoa kurasa nne. Maneno ya mzee yaliishia ukurasa wa hamsini na tisa. Wa sitini ukabaki mweupe. Pale Kariakoo mnunuzi akikuta ukurasa mweupe anakurudishia kitabu chako, anasema kimekatwa. Siku nyingine Hajira angejaza tangazo la duka, lakini mzee Melkiori alishakataa tangu mwanzo.

"Hiki si kalenda, binti yangu," alisema, na macho yake yalionyesha kwamba ameumia.

"Dada Hajira, nipe sitini!" Bryson alipiga kelele kutoka nyuma. "Umeme wakikata saa hizi tumekwisha!"

Hajira alimpigia mzee simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Basi akakaa kitini, akavuta kibodi, akasema moyoni kwamba ataandika mistari michache tu ya kufungia, kitu cha kumpoza msomaji baada ya habari zote zile za vyuma na kamba. Alijua kinachokosekana katika kitabu kile: hakikuwa na mtu. Na mtu alikuwepo, pale pale ndani ya kompyuta, kwenye faili la mwezi Machi.

Faili lilikuwa tangazo la kupotea. Bi Siwema wa Magomeni alikuja nalo kichwani, akakaa kwenye stuli, akamtajia Hajira alama za mwanawe mmoja kwa moja kana kwamba anamvisha nguo. Awadhi, miaka ishirini na sita, mrefu, maji ya kunde, kovu juu ya nyusi ya kulia, alivaa fulana ya njano, aliaga anakwenda kazini hakurudi. Mwisho akaongeza jambo ambalo halikuwa la tangazo.

"Hili usiliandike," alisema. "Nakwambia tu. Huwa anapita mlango wa uani, tangu mdogo, ili asiniamshe. Sasa naogopa kuufunga."

Hajira hakuliandika siku ile. Aliliandika mwezi Aprili, kwenye ukurasa wa sitini wa kitabu cha mtu mwingine:

*Nikamuuliza mgeni, Na ndugu zetu waliopotea wako wapi? Akasema, Waliopotea kwenu hawakupotea kwetu. Nimemwona kijana mmoja, mrefu, ana kovu juu ya nyusi ya kulia, amevaa fulana ya njano. Ni mzima. Anamwambia mama yake asiufunge mlango wa uani.*

Ilimchukua dakika kumi. Aliusoma mara moja, ukamtia machozi kidogo, na kusema kweli akajisifu. Bryson akauchapa kabla umeme haujakatika.

Hajira alidhani hakuna atakayefika ukurasa wa sitini. Hapo ndipo alipojidanganya, na aibu yake ni kwamba mtu wa vitabu kama yeye alipaswa kujua. Mnunuzi wa mtaani hafungui kitabu mwanzoni. Anakiokota pale kwenye turubai la mchuuzi, amesimama, jua linamchoma, anakifungulia nyuma aone kinavyoishia. Wiki haikwisha, picha ya ukurasa ule ilikuwa kwenye simu za watu kutoka Gerezani mpaka Mbagala. Mhubiri mmoja akasema mgeni yule ni pepo. Ustadhi mmoja akasema waache ushirikina wakasome dua. Redioni wakabishana asubuhi nzima, wanaoamini na wanaocheka, na wote hawakuwa na neno juu ya lifti. Watu walianza kuja dukani na picha za ndugu zao. Mama mmoja alitoka Tandika kumuuliza Hajira kama mgeni hakutaja binti pia.

Kisha mzee Melkiori mwenyewe akaitwa redioni. Mtangazaji akamuuliza juu ya ukurasa wa sitini, na mzee, ambaye hajui kusema uongo, akajibu kwa sauti yake ya taratibu, "Ule sikuuandika mimi. Nilipofungua kitabu niliukuta."

Hajira alikuwa anakata kadi za harusi. Mkasi ulimponyoka. Alizima redio, akakaa, uso unamwaka kama aliyepigwa kofi. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Alijua kabisa kwamba ni hapo. Angesema siku ile, lingekuwa jambo la kuchekwa wiki moja tu. Lakini Bi Siwema hakuwa ametokea kulalamika, mzee alikuwa na furaha, na vitabu vilikuwa vinaondoka. Akaokota mkasi, akaendelea kukata kadi. Mei ikapita hivyo, na Juni ikaanza kuyoyoma.

Jumatano moja asubuhi akaingia mwanamke aliyejifunga kanga juu ya dera, anahema.

"Dada, mambo. Wewe ndiye Hajira? Mimi naitwa Zamzam, mpangaji wa Bi Siwema kule Magomeni. Yule wa tangazo la Awadhi, unamkumbuka?"

"Namkumbuka. Hajambo?"

"Hajambo ya wapi! Nimekuja unioneshe anapokaa huyo babu wa kitabu, nimpeleke kwa Bi Siwema akamwambie ukweli." Zamzam akaketi bila kukaribishwa, akaeleza kwa mkupuo mmoja. Jumatatu walipigiwa simu kutoka hospitali. Kuna maiti ya kijana asiyejulikana, ajali ya gari, na karani aliyepiga aliipata namba kwenye tangazo. Karani yule alisema mwenyewe kwamba alama haziendani sawasawa, tangazo linasema kovu liko kulia na marehemu analo kushoto, lakini waje tu watazame. Ijumaa manispaa inazika wasio na wenyewe.

"Mimi nasema si yeye, kovu halihami," alisema Zamzam. "Lakini si aende aangalie, roho itulie? Hataki. Mimi siwezi kwenda, wanataka ndugu wa damu, na hana mwingine. Kila nikisema, ananifungulia kile kitabu. Ati mwanangu mzima, imeandikwa. Dada, zamani kila Jumatatu alikuwa anazunguka wodi za hospitali zote za mji huu, kitanda kwa kitanda. Kitabu kilipotoka tu, akaacha. Amekaa. Mlango wa uani uko wazi usiku na mchana, juzi wezi wameingia wamechukua sufuria zangu mbili."

Hajira alitaka kusema pale pale, lakini Zamzam hakuwa wa kuambiwa. Alimwambia tu, "Nenda nyumbani. Leo nitakuja mimi mwenyewe," na Zamzam akaondoka akimshukuru, shukrani ambayo ilimchoma kuliko tusi.

Hata saa haikupita, mzee Melkiori akaingia, amevaa koti lake la Jumapili siku ya Jumatano, anataka toleo la pili.

"Na ukurasa wa sitini uje mbele kabisa," alisema. "Herufi kubwa."

"Shikamoo mzee. Kaa." Hajira alifunga mlango nusu. "Mzee, ule ukurasa niliuandika mimi."

Mzee alimtazama.

"Ulibaki mweupe. Nilikupigia hukupatikana. Nikaandika mwenyewe, na zile alama nilizitoa kwenye tangazo la mteja. Hakuna mgeni aliyesema yale. Nisamehe."

Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Angefurahi kama mzee angemtupia stuli. Mzee Melkiori hakukasirika. Alitabasamu, akampigapiga mkono kama baba.

"Binti yangu, hata mimi nilipopanda siku ya kwanza nilidhani nakwenda kutia grisi. Unadhani uliandika wewe? Simu yangu haijawahi kuzima mchana, ikazima siku ile. Kwa nini? Aliutumia mkono wako."

"Mzee, chaji ilikwisha!"

"Nani aliyeimaliza?"

Hajira alimsihi, alimfungulia faili, alimwonyesha tangazo na ukurasa kwa pamoja kwenye kioo, neno kwa neno. Kadiri alivyothibitisha ndivyo mzee alivyozidi kung'aa. Mtu aliyekaa miaka yote hii na mgeni asiye na ujumbe, mwishowe amepewa ujumbe, nani angeurudisha? Hajira aliona wazi kwamba kosa lake haliwezi kuachwa pale kama mzigo uliofika kwa mwenyewe. Mzee alikwishalipokea akaligeuza muujiza. Mwenye haki ya kulisikia alikuwa Magomeni.

"Bryson," aliita, akijifunga mtandio, "toleo la pili lisichapwe mpaka nirudi. Na likichapwa, sitini ubaki mweupe."

"Mweupe? Watasema kimekatwa."

"Waseme."

Nyumba ya Bi Siwema ni ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Hajira alipobisha hodi aliona mwanga unaingia moja kwa moja kutoka upande wa pili wa ukumbi. Mlango wa uani ulikuwa wazi, umezuiwa kwa tofali. Bi Siwema alikuwa kwenye mkeka ukumbini, anachambua mchele, uso kwa uso na mlango ule. Kando yake, juu ya msahafu uliofungwa, hapana, si juu yake, chini yake, kilikuwa kile kitabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Hajira alikaa kwenye sakafu tupu, si kwenye mkeka. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, ya umeme, ya simu, ya Bryson. Yote yakamtoka.

"Mama, ule ukurasa wa sitini niliuandika mimi. Ni uongo. Awadhi nilimtoa kwenye tangazo lako. Na habari ya mlango, uliyoniambia nisiiandike, niliiandika."

Bi Siwema aliokota kokoto kwenye mchele, akalitupa. "Najua," alisema.

Hajira hakuelewa.

"Habari ya mlango nilimwambia mtu mmoja tu chini ya jua. Hata Zamzam aliisoma kitabuni. Niliposoma mpaka pale niliisikia sauti yako, Hajira, wala si ya mgeni. Tangu siku ya kwanza najua."

"Sasa mama," Hajira alianza kulia, "mbona hukuja kunitukana? Mbona hukuja ukanivunjia duka?"

"Nikutukane, halafu nirudi kuzunguka wodini?" Alisema bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nimechoka. Miguu imevimba hivi. Kila Jumatatu nafunua mashuka ya watoto wa watu, naomba asiwe yeye, na nikitoka naomba angekuwa yeye. Wewe ukaniletea karatasi inasema mwanangu mzima. Uongo, najua ni uongo. Lakini umeandikwa, una jalada, mji mzima unausoma. Kila aliyeniambia twende hospitali nilimfungulia kitabu, naye akanyamaza. Ulinipa pa kujificha, nami nikajificha. Usinibebee na hilo."

Uani kuku alikuwa anaparura mchanga.

"Sijakwambia kwa nini siendi kule chumba cha maiti," alisema Bi Siwema. "Zamzam anadhani ni kwa sababu ya kitabu."

"Si kwa sababu kovu la yule marehemu liko kushoto?"

"Ndiyo. Kwa sababu liko kushoto."

Alifungua kitabu, akatoa picha ndogo ya paspoti iliyokuwa katikati ya kurasa, ile ile Hajira aliyoibandika kwenye tangazo. Akamwinulia. Awadhi aliwatazama, hajacheka, na kovu jembamba lilikuwa upande wa mkono wa kulia wa Hajira.

"Unaliona upande gani?"

"Kulia, mama."

"Na mimi ndivyo nilivyoliona, miaka yote. Nikimlisha, nikimkemea, nikimfunga vifungo vya shati, liko mkono wangu wa kulia. Sasa tazama."

Bi Siwema akaigeuza ile picha, akaiegemeza kifuani pake, mgongo wa picha kwake, uso wa mwanawe unatazama mbele kama anavyotazama yeye. Kisha akapeleka kidole kwenye nyusi yake mwenyewe, upande ule ule lilipokuwa kovu. Ilikuwa nyusi ya kushoto.

"Mama asiyejua mwanawe ameumia wapi," alisema. "Nilikutajia nilivyokuwa namwona mimi. Alama zake mwenyewe sikuzijua. Yule karani alipokata simu ndipo nikafanya hivi. Tangu Jumatatu najua kwamba ni yeye, na sijamwambia mtu."

Hajira aliweka mikono yote miwili usoni. Alikuja kutua mzigo, na sasa ulikuwa umeongezeka. Ile picha aliishika yeye, aliikata kingo yeye, aliibandika kwa gundi yake. Angeigeuza mara moja tu. Lakini kazi ya kugeuza picha hakuna anayeifanya. Unaandika anachosema mteja, unachapa, wa pili aje.

"Kesho asubuhi twende," alisema Bi Siwema. "Wewe na mimi. Siwezi kusema na yule karani. Wewe utasema."

Alhamisi saa mbili na nusu walikuwa dirishani. Karani, mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alitoa lile tangazo kwenye faili, limekunjamana, lina alama za gundi ya ukutani.

"Mnisamehe kuwasumbua," alisema. "Hapa mmeandika kulia. Wetu analo kushoto. Lakini nilipoona urefu na umri, roho ikaniambia niwapigie."

Bi Siwema alimtazama Hajira.

"Ni kushoto," Hajira alisema. "Tangazo lilikosea."

"Nani aliliandika?"

"Mimi."

Karani alishusha miwani, akamtazama kidogo, akafungua daftari kubwa. Alisoma kwa upole, kidole kikifuata mstari. Ajali ilitokea Machi, njia ya Morogoro. Alilazwa kwanza hospitali ya mkoani, hajitambui. Alihamishiwa hapa tarehe sita Mei, wodi ya majeruhi ya wanaume. Alifariki tarehe kumi na nane Juni. "Tangazo lenu lilikuwa ukutani pale mlangoni mwa wodi. Nesi mmoja alililinganisha, akaona kovu haliendani, akaacha. Wiki mbili hivi za mwisho alikuwa anafumbua macho. Maneno hayakutoka."

Hajira hakutaka kuhesabu, akili yake ikahesabu yenyewe. Kitabu kilitoka tarehe ishirini na nne Aprili. Jumatatu iliyofuata Bi Siwema hakwenda wodini, wala iliyofuata. Kuanzia siku Awadhi alipoletwa mpaka alipokata roho kulikuwa na Jumatatu sita. Wodi ile Bi Siwema alikuwa akiizunguka kitanda kwa kitanda. Mama yake angesimama juu yake mara sita. Na zile za mwisho angemkuta macho yamefumbuliwa.

Alimtazama Bi Siwema ili ajue kama naye amehesabu. Bi Siwema alikuwa ameshika ukingo wa dirisha, vidole vimekauka pale. Alikuwa amehesabu.

"Ingia mama," alisema karani.

Aliingia peke yake, akatoka baada ya muda mfupi. Hakulia. Alisema, "Ndiye," akaomba maji. Karatasi za polisi na za serikali za mitaa zikapita mikononi mwa Hajira asubuhi yote, naye akazijaza kwa mwandiko wake safi, na kila penye neno "alama" aliandika kushoto, akarudi kusoma, akasoma tena.

Awadhi aliswaliwa alasiri hiyo hiyo. Jeneza lilipotoka kwa mlango wa mbele, wanaume wakalifuata kwa sauti moja, na nyumba ikabaki na wanawake. Ukumbi ulijaa mikeka na kanga. Mzee Melkiori naye alikuja, na koti lake lile lile. Alisimama barazani, akamtazama Hajira mara moja, akainamisha macho, akawafuata wenzake makaburini. Hajira hakujua kama mzee sasa anaamini. Hakuona kama inasaidia kitu.

Alikuwa amejikunyata pembeni, karibu na masufuria, akitumaini hakuna atakayemuuliza yeye ni nani wa marehemu. Zamzam alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba dada huyu ndiye aliyewezesha Awadhi apatikane, Mungu ambariki, na wanawake wawili walikuja kumshika mkono. Aliwapa mkono. Hakuweza kuwaambia, na hakuweza kuuondoa.

Bi Siwema alikuwa chumbani, amelala ubavu, shungi usoni. Akamwita kwa jina. Wanawake wakampisha Hajira, akapiga magoti pembeni ya kitanda.

"Nipo mama."

"Watu wote wako ndani?"

"Wako ndani."

"Basi ule mlango wa uani," alisema Bi Siwema, "kaufunge wewe."

Hajira alipita katikati ya wanawake wote wale, wakimtazama. Aliinama akaondoa tofali. Mlango haukuwa umefungwa tangu Machi, mvua za masika zilikuwa zimeupiga ukiwa wazi, na mbao zilikuwa zimevimba. Aliuvuta, ukagoma. Akauinua kidogo, akauvuta tena kwa mikono miwili, ukaburuza sakafu kwa kelele iliyofanya ukumbi mzima unyamaze, ukakaa mahali pake. Komeo lilikuwa na kutu. Alilisukuma mpaka likaingia lote, akabaki amesimama pale, gizani kidogo, kiganja kikiwa bado juu ya chuma.